39, 40 au 41? Jinsi gredi ya bayolojia inavyopatikana

Najua nimekaa kimya muda mrefu. Niko nyumbani Kibwezi, wiki ya tatu sasa, nafanyia kazi huku huku (mtandao wa simu siku hizi si haba, shida ni kupata kivuli na umeme mahali pamoja). Nilikuwa nimewaahidi makala kuhusu hifadhidata. Itakuja. Kwa njia fulani imeshakuja, maana hadithi ya leo inaanzia kwenye alama za bayolojia na kuishia humo humo kwenye hifadhidata.

Mwenye jambo ni mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Yuko chuo kikuu, anasomea ualimu wa bayolojia na kemia. (Ananiita mjomba kwa heshima zote, ingawa tumepishana miaka saba tu na kwa kimo amenipita.) Alikuja likizo na karatasi ya matokeo ya muda. Kila somo alikuwa amepita isipokuwa moja, Bayolojia ya Seli. Hapo paliandikwa 39, na mbele yake E. Alama ya kupita ni 40.

Chuo sitakitaja, msinisumbue. Nataka kuzungumzia hesabu yenyewe.

Mnaweza kusema 39 na 40 kuna tofauti gani? Dada aliuliza hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mwenye 39 anafanya mtihani wa marudio, sapu kama wanavyoiita wenyewe. Analipia, anarudi chuoni kabla ya wenzake, na hata akipata 80 kwenye sapu, rekodi yake itaandikwa 40 basi, na kinyota pembeni ili kila atakayeisoma ajue. Kwa nyumba inayotegemea maembe na mbuzi wachache, nauli na ada ya ziada si maneno matupu.

Kwanza niwaeleze kuhusu herufi, kwa sababu zilimchanganya dada kabla hata hajaifikia ile E. Yeye anajua gredi za KCSE: A ni pointi 12, A- pointi 11, unateremka hivyo hadi E yenye pointi 1. Alipoona C tatu na D moja kwenye karatasi ya binti yake alishika kichwa. Ikabidi nimketishe nimweleze kwamba katika vyuo vikuu vyetu vingi mizani ni nyingine: 70 kwenda juu ni A, 60 hadi 69 ni B, 50 hadi 59 ni C, 40 hadi 49 ni D, chini ya hapo umefeli. Mipaka hiyo hiyo ndiyo inayogawa madaraja ya digrii, 70 daraja la kwanza, 60 daraja la pili la juu, na kuendelea. D ya chuo ni kupita. D ya KCSE ni pointi 3, na nayo chuo kikuu huoni mlango.

Kuna tofauti ya pili ambayo watu wengi hawaitilii maanani. Mipaka ya chuo inajulikana siku ya kwanza ya muhula. Ya KCSE haijulikani mpaka kazi iishe. Bayolojia ya KCSE ina karatasi tatu: ya kwanza alama 80, ya pili alama 80, ya tatu ni ya vitendo, alama 40. Jumla 200. Lakini hakuna mahali palipoandikwa kabla ya mtihani kwamba ukipata 140 kati ya 200 utapewa herufi fulani. Baraza la Mitihani, KNEC, huweka mipaka ya kila somo baada ya kusahihisha. Ndiyo maana mwanafunzi wa fizikia na wa bayolojia wanaweza kuwa na asilimia sawa na wakapewa herufi tofauti.

Mimi mwenyewe nilifanya KCSE hapa hapa Kibwezi mwaka 2016, mwaka ambao waliokuwa kidato cha nne hawatausahau. Matokeo yalitangazwa tarehe 29 Desemba 2016, watu wakiwa bado kwenye chapati za Krismasi. Mwaka uliotangulia waliopata A walikuwa zaidi ya 2,600 nchi nzima. Mwaka wetu walikuwa 141. Waliofikisha C+, yaani kiwango cha kuingia chuo kikuu, walikuwa 88,929. Serikali ilisema ni wizi wa mitihani uliokomeshwa, na ni kweli mitihani ilikuwa imelindwa vikali mwaka ule. Wengine walibishana kuhusu namna alama zilivyogeuzwa kuwa gredi. Sitauamua ubishi huo hapa.

Kisha mwaka 2023 kanuni ya wastani ikabadilishwa. Zamani wastani ulikokotolewa kwa hisabati, Kiingereza, Kiswahili, sayansi mbili, somo moja la jamii na moja la ziada. Tangu 2023 ni hisabati, lugha moja aliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Waliofikisha C+ wakapanda kutoka 173,345 mwaka 2022 hadi 201,133. Sisemi kupanda kote kumetokana na kanuni. Watahiniwa nao waliongezeka. Lakini wapo watoto katika idadi hiyo ambao majibu yao yale yale, chini ya kanuni ya 2022, yangewaacha nje ya lango la chuo.

Nilipokuwa shule nililiona jambo hili kwa karibu zaidi kwenye vitendo. Siku kadhaa kabla ya mtihani wa vitendo shule hupokea orodha ya vitu vya kutayarisha, walimu wanaiita konfidenshali. Mitihani ya majaribio nayo huwa na orodha yake. Mara moja orodha ilidai ini bichi na haidrojeni peroksaidi, lile jaribio la kimeng'enya ambapo povu hufoka. Ini lilitoka buchani alfajiri. Peroksaidi ilitoka kwenye chupa iliyokaa kabatini sijui tangu lini. Sasa, peroksaidi ikikaa kwenye joto na mwanga huvunjika yenyewe ikawa maji na oksijeni, na joto la Kibwezi mnalijua. Kundi la asubuhi liliona viputo viwili vitatu. Kundi la mchana halikuona kitu. Mwongozo wa kusahihisha ulidai "povu jingi". Aliyeandika alichokiona akakosa, aliyeandika alichokariri akapata. Hapo alikuwa anapimwa nani, mwanafunzi au chupa?

Nisieleweke vibaya, mambo mengi kwenye bayolojia yanasahihishwa kwa haki kabisa, hata kwa ukali. Mchoro ukiutia kivuli unapoteza alama. Mstari ukipigwa mara mbili mbili, vivyo hivyo. Ukuzaji usipoutia ile X mbele ya namba, hupati kitu. Jina la kisayansi lazima lianze kwa herufi kubwa, neno la pili kwa ndogo, na ukiandika kwa mkono upige mstari chini: *Adansonia digitata*, mbuyu wetu huu ulioenea kuanzia hapa mpaka Mtito Andei. Kanuni hizo unazijua mapema. Ukikosa, umekosa mwenyewe.

Haya, turudi kwa mpwa.

Karatasi ya maelezo ya somo lake, ile inayogawiwa wiki ya kwanza, ilisema: maabara alama 15, CAT alama 15, mtihani wa mwisho alama 70. Mgawo wa 30 kwa 70 ni wa kawaida sana katika vyuo vyetu. Maabara zilikuwa sita, kila ripoti juu ya 20. CAT zilikuwa mbili, kila moja juu ya 30. Nikamwambia alete kila karatasi aliyorudishiwa. Akaleta bahasha nzima (huyo ni mtoto wa dada yangu kweli, hatupi kitu). CAT: 12 na 14. Ripoti za maabara: 11, 13, 12, 14, 12.

"Ya sita iko wapi?"

"Haikurudishwa, mjomba. Ile ya mgawanyiko wa seli kwenye ncha ya mzizi wa kitunguu. Nilikabidhi, lakini sisi wa benchi letu hatukurudishiwa."

Alikuwa ameshampigia katibu wa idara, naye kwa wema wake akamsomea kwenye simu: kazi ya muhula 14.25, mtihani 25, jumla 39.25, ikaandikwa 39.

Tusidanganyane, 25 kati ya 70 si alama ya kujivunia, na dada alilisema hilo kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Lakini mimi nilibaki nimeikodolea macho ile 14.25. CAT zake ni 26 kati ya 60. Ukizileta kwenye 15 unapata 6.5 kamili. Toa 6.5 kwenye 14.25, inabaki 7.75 ya maabara. Ripoti zake tano zina jumla ya 62. Gawa 62 kwa 120, yaani ripoti sita juu ya 20, zidisha kwa 15: 7.75. Imelingana barabara.

Maana yake ripoti ya sita ilihesabiwa kuwa ni sifuri.

Kama ingeachwa nje, yaani 62 kati ya 100, maabara ingekuwa 9.3 na jumla 40.8. Kwa hiyo seli moja tupu ndiyo iliyomfelisha. (Ndiyo, seli ya lahajedwali, katika somo la Bayolojia ya Seli. Mpwa alicheka, mama yake hakucheka.)

Hapa sasa naomba wasiopenda hesabu wanivumilie aya mbili, kwa sababu niligundua jambo lililonifurahisha na kunitisha pamoja. Tuseme sifuri ile ibaki pale pale. Mwalimu mmoja anajumlisha kwanza kisha anakamilisha desimali: 39.25 inakuwa 39, umefeli. Mwalimu wa pili anakamilisha kila sehemu kabla ya kujumlisha, kwa sababu fomu yake haina nafasi ya desimali: 7.75 inakuwa 8, 6.5 inakuwa 7, na 25. Jumla 40. Umepita! Majibu ni yale yale, mtoto ni yule yule.

Nikaendelea. Nikaandika hesabu hiyo ya mwalimu wa pili kwa Python badala ya Excel. Excel ikikutana na nusu kamili huipandisha, 6.5 inakuwa 7. Python 3, kwa kazi yake ya `round`, huipeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, hivyo 6.5 inakuwa 6. Jumla 39. Umefeli tena. PHP inakubaliana na Excel. Yaani kupita au kufeli kwa mwalimu mtarajiwa kungetegemea lugha ya programu aliyoipenda kijana fulani wa idara ya kompyuta. (Python haijakosea, jamani. Ukijumlisha namba nyingi sana, kupandisha nusu zote huvuta jumla juu, na njia ya shufwa hupunguza uvutano huo. Ni kanuni nzuri. Ila inafaa ijulikane kwamba ndiyo inayotumika.)

Sasa turudi kwenye ile seli tupu, maana ndilo jambo kubwa. Tupu inaweza kuwa na maana tatu. Mwanafunzi hakufanya, kwa uzembe wake: hapo sifuri ni halali. Mwanafunzi hakufanya kwa sababu inayokubalika, alikuwa amelazwa hospitali: hapo ripoti iondolewe kwenye hesabu, ugawe kwa tano. Mwanafunzi alifanya, lakini alama haijafika kwenye daftari: hapo hakuna hesabu halali hata moja, inabidi kusubiri. Lahajedwali haina habari na haya. Ukitumia AVERAGE, Excel inaruka seli tupu na kugawa kwa tano. Ukitumia SUM kisha ukagawa kwa 6, tupu inageuka sifuri kimya kimya, bila onyo wala rangi nyekundu. Njia zote mbili zinatoa namba safi yenye sura ya ukweli.

Sisi watu wa hifadhidata tumelijadili hili tangu zamani. Edgar Codd, aliyeeleza mfumo wa hifadhidata za mahusiano mwaka 1970, hakuridhika na NULL moja. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alipendekeza ziwe mbili: moja ya thamani iliyopo ila haijulikani, nyingine ya thamani isiyohusika kabisa. Watengenezaji wa hifadhidata hawakumfuata, wakasema inaleta utata. Labda. Lakini angalia orodha ya matokeo ya chuo chochote chetu na uulize wanafunzi kuhusu alama zilizopotea. Kuna waliomaliza masomo yao yote na bado wakakosa kuhitimu mwaka huo kwa ajili ya alama moja isiyoonekana popote.

Bahati ya mpwa ilikuwa hilo neno "ya muda" juu ya karatasi yake. Alama za chuo hupita ngazi kadhaa: mwalimu anasahihisha, mtahini wa nje anapitia, bodi ya watahini ya idara na ya kitivo zinakaa, mwisho seneti inaidhinisha. Kabla ya seneti bado kuna mlango. Baadaye mlango huo unakuwa mwembamba mno.

Nilimchapishia ukurasa mmoja. Haukuwa na malalamiko wala maneno makali, namba tu: hizi hapa ripoti tano, hizi CAT mbili, hii ndiyo njia pekee ya kupata 14.25, kwa hiyo ripoti ya sita imehesabiwa sifuri. Yeye akaongeza kitu ambacho mimi nisingekuwa nacho: daftari lake la maabara, lenye mchoro wa seli za kitunguu alizoziona kwenye darubini, na sahihi ya fundi wa maabara na tarehe ya siku ile. Akapanda gari asubuhi. Jioni ya kesho yake akapiga simu.

Ripoti zilikuwepo. Rundo la benchi lao, ripoti saba, lilikuwa limewekwa pamoja na za kundi la siku nyingine, zikasahihishwa lakini alama zikawa hazijaingizwa. Yake ilikuwa na 13. Maabara ikawa 9.375, jumla 40.875, ikaandikwa 41. D. Sapu hakuna. Dada alipoambiwa D safari hii aliimba.

Ila kilichonikaa moyoni ni wale sita wengine. Wote walikuwa wamepita, kwa hiyo hakuna aliyechukua kalamu kuhesabu, ingawa kila mmoja alikuwa amepunjwa alama moja na nusu hivi. Mmoja wao alikuwa na 59, na baada ya marekebisho akavuka 60, kutoka C kwenda B. Hakujua kwamba kuna kitu kilichopotea mpaka alipoambiwa kimepatikana.

Nimemwandikia mpwa programu ndogo ya kuweka alama zake mwenyewe, haifiki mistari mia. Kila seli tupu inakuuliza sababu: hakufanya, ameruhusiwa, au inasubiriwa. Ikiwa kuna hata moja inayosubiriwa, inakataa kutoa jumla. Kukamilisha desimali kunafanyika mara moja tu, mwishoni, na kanuni yake imeandikwa juu kabisa ya ukurasa kwa Kiswahili. Mwalimu mmoja wa sekondari hapa Kibwezi ameiona na kuiomba kwa ajili ya mitihani ya muhula huu. Ameniuliza kama inaweza kufanya kazi kwenye simu, maana kompyuta ya shule iko ofisini kwa mwalimu mkuu. Inaweza, ila safu za majina marefu bado zinagongana kwenye kioo kidogo, na hilo ndilo ninaloshughulikia leo jioni.